Upande wa Chenza

4 Februari

Gramu,

Sikuandikii kwa sababu nimelainika. Nakuandikia kwa sababu mti umeinama.

Unaujua mti wenyewe. Ni lile shina la mlimau mwitu ambalo mama yako alilibebesha matawi matatu, kwa kuwa uwanja wetu ni hatua kumi na moja kwa saba na hauna nafasi ya miti mitatu. Chungwa langu upande wa karakana, balungi lake upande wa jikoni, chenza lako upande wa geti. Tangu tawi la upande wa geti liondoke, mti umekosa mizani. Mwaka huu chungwa limezaa kupita kiasi, na shina limelala vidole vinne. Nimepima kwa timazi. Nimelifunga jiwe la kilo tano upande ule kwa kamba, na wapita njia wananicheka. Miaka arobaini natengeneza mizani za watu, halafu nashindwa kusawazisha mti wa uani kwangu.

Dawa yake ni kurudisha chenza. Sitaki la sokoni, nataka lile lile la mama yako. Yule dereva wa lori aliyekuwa akiniletea mizani za maghala alinieleza mwaka juzi kwamba nyumbani kwako kuna mchenza mfupi, maganda ya machenza yake yamelegea kama koti la kuazima, na kwamba ulimwambia umetokana na tawi lile. Sikumwamini. Baadaye nikamwamini.

Basi nitumie kitawi kimoja chenye macho mazuri ya kuchipua. Ni hilo tu. Masikio yangu yamekwisha kabisa, kwa hiyo usihangaike na simu, andika.

Forosadi za ukutani zimeiva na ndege wananiibia mchana kweupe. Stroberi za mama yako bado zipo, nimezipanda upya kwenye sahani za mizani mbovu, kila sahani nimeitoboa matundu sita. Nakueleza tu ujue kwamba uwanja haujafa.

Baba yako

*

17 Februari
(Barua hii haikutumwa.)

Baba, shikamoo.

Barua yako imefika jana. Imeandikwa jina la Gramu, nami nimeifungua kwa kuwa nyumba hii haina mwingine wa kuifungua. Mimi ni mkewe. Ni yule uliyesema hatakanyaga kwako kwa sababu ameshaachika mara moja na amemzidi mwanao miaka sita.

Mwanao alifariki tarehe tatu Novemba. Figo. Nilikuandikia, baba. Nimekuandikia mara tatu tangu tuoane: mara ya kwanza kukusalimu, ya pili kukuambia anaumwa na anakuita, ya tatu kukuambia tumemzika. Hukujibu hata moja. Nilidhani unajua na umeamua kunyamaza. Kwa miezi mitatu nimekuchukia kwa hilo, na chuki hiyo ilinisaidia kuamka asubuhi. Leo unaniletea habari za timazi na jiwe la kilo tano, ndipo naona kwamba hujui kitu. Sijui barua zangu zilipotelea wapi.

Halafu tawi halikuondoka. Ulilikata kwa msumeno, sisi tumesimama nje ya geti, ukalirusha juu ya ukuta likaniangukia miguuni. Niliyeliokota ni mimi.

Mwanao amekufa. Nimeshaliandika mara mbili na bado

*

18 Februari

Baba, shikamoo.

Samahani kwa mwandiko usio wa mwanao. Gramu ameumia mkono wa kulia kazini, umebanwa na mizani ya jukwaa kule ghalani, kwa hiyo mimi mkewe ndiye ninayeandika kwa niaba yake. Kazi yangu ni kujalidi vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji, angalau mistari yangu imenyooka.

Gramu anasema mchenza upo na una afya. Anasema kitawi utapata, ila ueleze kinakatwaje na kinafungwaje, maana hataki kifike kimeoza halafu lawama zimwangukie yeye.

Anasema pia kwamba jiwe la kilo tano ni zito mno, kamba italikata gome. Weka la kilo mbili, ulisogeze mbali na shina. Kidogo kikikaa mbali kinavuta kama kikubwa, na wewe ndiye uliyemfundisha hivyo.

Stroberi kwenye sahani za mizani nimezipenda sana.

Mke wa Gramu

*

3 Machi

Gramu,

Mizani ya jukwaa haiwezi kumbana mkono mtu niliyemfundisha mimi. Umesahau kabari ya kuzuilia jukwaa. Nimekuimbia tangu ukiwa na miaka tisa: kabari kwanza, mkono baadaye. Haya, pole. Lakini umesahau kabari.

Kuhusu jiwe, ni kweli. Nimeweka la kilo mbili na nimelisogeza. Nilinuna nusu siku nzima kwamba sikuliwaza mwenyewe.

Sasa mwambie huyo anayekuandikia asikilize vizuri. Achague kitawi cha msimu huu, unene wa penseli, kilichokwisha kuwa cha mviringo. Chenye pembe pembe bado kichanga, hakifai. Akikate asubuhi. Majani ayaondoe yote, ila kila jani aliachie kikonyo chake, urefu wa ukucha, kwa sababu kikonyo ndicho kinacholikinga jicho na ndicho nitakachoshikia. Akiviringishe kitawi kwenye gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa, kisha plastiki, kisha bahasha. Asizidishe maji. Mwandiko wake unaonyesha ni mtu wa kuzidisha.

Halafu niambie kuhusu mkono wenyewe. Vidole vinakunjika?

Baba yako

*

17 Machi

Baba, shikamoo.

Kitawi ndicho hiki, kina macho manne. Nimekikata mwenyewe asubuhi hii kabla sijaenda kazini. Gazeti nimelikamua mpaka likakaribia kuchanika, ili usiniite tena mtu wa kuzidisha.

Unauliza vidole. Havikunjiki. Daktari alituambia tusitarajie.

Gramu anasema ulipokuwa ukimfundisha kupima ulimfunga kitambaa machoni, ukamwekea mawe ya mizani mkononi mpaka ataje uzito wa kila moja bila kukosea, na ndipo ukampa jina hilo la Gramu. Anasema siku moja ulimwekea yai. Yeye alijua ni yai, lakini hakujua ufanye nini mtu akikupa yai ukitarajia chuma, akalifinya. Mlicheka mpaka mama akatoka jikoni na mwiko. Anasema katika siku zote alizoishi karakana kwako, anayoipenda kuliko zote ni ile.

Anasema ukiingiza jicho usikaze sana ukanda, mikono yako ina nguvu kuliko unavyodhani.

Mke wa Gramu

*

2 Aprili

Mkwe,

Kabla ya yote: marahaba. Umeniamkia barua baada ya barua, na mimi nimekaa kimya kama gogo. Marahaba kwa hii na kwa zote za nyuma.

Kitawi kimefika salama. Gazeti lilikuwa na unyevu ule ule niliousema, nimelitafuta kosa nikalikosa. Jicho moja lilikuwa limechubuka njiani. Matatu nimeyabebesha jana, upande wa geti, chini kidogo ya kovu. Nilichana gome la shina, nikalifungua kama kola ya shati, nikalipenyeza jicho ndani na kufunga ukanda wa plastiki. Sikukaza sana.

Sasa ni kusubiri wiki tatu. Nikueleze, maana yeye anajua na wewe huenda hujui: baada ya wiki tatu unakigusa kikonyo kwa ncha ya kidole. Kikidondoka hapo hapo, jicho limeshika na liko hai. Kikiwa kimekauka na kung'ang'ania, jicho limekufa. Wanaojifunza hudhani ni kinyume chake.

Lile yai. Nilidhani amelisahau. Niliposoma nilikaa karakana nusu saa na bisibisi mkononi, bila kugusa kitu.

Gramu, najua unasomewa. Mkono wa kushoto hauna ugonjwa. Weka hata alama moja chini ya barua ijayo. Mstari tu. Nitautambua.

Baba

*

15 Aprili

Baba, shikamoo.

Niliposoma marahaba yako niliiweka barua mezani nikaenda kuosha vyombo, na vyombo vyenyewe vilikuwa visafi.

Mstari sikuweza kukupatia. Badala yake nakutumia kikaratasi hiki. Gramu alikifunga kwenye jiwe alilolitundika kuunyoosha mchenza wetu ulipokuwa mdogo, ili mtu asije akalichukua. Kimeandikwa "Kilo mbili. Asiguse mtu." Ni mwandiko wake wa zamani, kabla ya mkono. Nimekitoa kwenye kamba leo. Naomba ukitunze, sina vingi.

Anasema hakuwahi kukasirikia tawi. Kilichomkasirisha ni msumeno. Ulichukua ule butu, ukalichana gome. Anasema, "Baba anajua kukata vizuri, siku ile hakutaka kukata vizuri." Anacheka anaposema hivyo, ila si sana.

Na jambo jingine, hili ni langu mwenyewe. Tawi ulilolirusha nililiokota mimi. Gramu alikuwa ameshakupa kisogo, anakwenda. Nilijifunga nalo kitenge kiunoni mpaka tukafika huku siku mbili baadaye, majani yamenyauka yote, na katika macho yote likashika moja. Ndilo mti tulio nao.

Mkweo

*

28 Aprili, Jumapili

Wanangu wawili,

Nimegusa vikonyo leo asubuhi. Cha kwanza kimeng'ang'ania. Cha pili kimeng'ang'ania. Cha tatu sikutaka kukigusa. Nikaenda nikamwagilia stroberi zote, nikafukuza ndege kwenye forosadi, nikarudi. Nilikigusa kikadondoka. Kilianguka kwenye kiatu changu. Mimi mzee mzima nimepiga kelele uwanjani mwangu, na hata sikujisikia.

Moja limeshika huko, moja limeshika huku. Mama yenu angesema tumeachiwa moja moja ili tusilewe.

Kikaratasi nimekisoma, nimekibandika ukutani juu ya meza ya kazi. Herufi zake bado zinalala kushoto.

Mkwe, nina donge la kutoa. Nina mkebe ninaowekea mawe madogo ya gramu. Ndani yake zimo barua zako tatu. Sikuzifungua hata moja. Zilipokuja niliona mwandiko si wa mwanangu, nikasema huyu ndiye aliyemchukua, hana la kuniambia. Bahasha umezitengeneza mwenyewe na gundi yenu ni nzito, nikajisingizia hata bahasha yenyewe haitaki kufunguliwa. Ujinga wangu huo sina pa kuuficha. Nimeona haya kukuambia tangu Machi.

Sasa nataka kuzisoma, lakini kwa utaratibu, moja kila Jumapili, kwa mpangilio zilivyokuja. Mkwe hafahamiki kwa pupa. Ya kwanza nimeisoma leo, ya miaka saba iliyopita. Umeandika, "Sikuja kumchukua, nilikuja kuongezeka." Miaka saba maneno hayo yamelala kwenye mkebe pamoja na mawe.

Chumba cha upande wa geti nimekipaka chokaa. Tawi litazaa mwaka wa tatu au wa nne, lakini nyinyi msilisubiri tawi. Mkono ukipata nafuu, njooni.

Baba yenu

*

5 Mei, Jumapili

Gramu,

Barua ya pili nimeisoma leo. Imeandikwa tarehe ishirini na tano Septemba.

Kumbe mwaka jana ulilala kitandani kwa figo. Kumbe uliniita. "Anakuita, baba, anasubiri, njoo hata kwa siku moja." Barua ikaja, ikaingia kwenye mkebe, na mimi nikaendelea kutengeneza mizani ya muuza nyama, hatua nane toka pale.

Nimeona aibu mpaka nimevua kofia, nami nilikuwa peke yangu. Umeumwa bila mimi, ukapona bila mimi, halafu nikakuletea habari za mti kuinama. Sasa naelewa kwa nini hutaki kuniwekea hata mstari. Haki yako. Ningekuwa wewe nisingetuma hata kitawi. Na hukunisuta. Ulinirekebisha tu kuhusu jiwe.

Nisamehe, mwanangu. Nisamehe tawi, nisamehe msumeno butu. Nilichukua ule butu kwa makusudi, ulijua vyema.

Barua ya tatu nadhani ni ya kunijulisha kwamba umepona. Hiyo nitaifungulia chini ya mti Jumapili ijayo, na kikombe cha chai. Nimeishikashika. Ni nyepesi kuliko mbili za kwanza, nimeiweka kwenye mizani ya dawa, gramu tisa na bahasha yake. Nimefurahi, maana mtu mwenye habari mbaya huandika kurasa nyingi.

Jicho limeanza kuvimba.

Baba yako

*

11 Mei, Jumamosi

Baba, shikamoo.

Barua yako ya tarehe ishirini na nane nimeipata leo saa nane mchana. Nimehesabu kwa vidole. Jumapili ya kwanza ilikuwa siku ile ulipoandika. Ya pili imepita. Ya tatu ni kesho.

Barua hii itachukua siku kumi na mbili. Simu husikii, na huko kwenu simjui jirani hata mmoja. Nikipanda basi sasa hivi nitafika keshokutwa. Hakuna njia ya kukuwahi, na bado naandika, kwa sababu sitaki upate neno lile peke yake bila la kwangu kulifuata.

Kesho utasoma kwamba Gramu alifariki tarehe tatu Novemba. Ni kweli. Ilikuwa kweli siku ulipoandika habari za mti, ilikuwa kweli siku zote hizi. Mkono haukubanwa na kitu. Kabari aliweka, baba, aliweka kila siku ya maisha yake. Nisamehe kwa hilo kuliko yote, kwamba nilikufanya umkaripie kwa kosa ambalo hakulitenda.

Ukiacha yale ya mwanzo kuhusu kitawi, sikukutungia neno lolote nililosema ni lake. Yai ni lake. Msumeno ni wake. Jiwe la kilo mbili ni lake, aliniambia tukinyoosha mti wetu. Mikono yako yenye nguvu, hilo pia ni lake. Niliyachukua aliyoyasema kwa miaka saba nikayasema kana kwamba ameyasema jana.

Kwanza nilidanganya kwa woga. Barua ya kweli niliianza, ninayo, sikuweza kuimaliza. Baadaye nikadanganya kwa tamaa. Kila nilipoandika "Gramu anasema", alikuwa anasema. Nilikuwa natoka kazini mbio, gundi ingali vidoleni, ili nikae nikuandikie. Wewe ulikuwa unampata mwanao na mimi nilikuwa nampata mume wangu, na sikujua namna ya kutunyang'anya sote wawili.

Sikujua kwamba barua zilifika. Ningejua ziko kwenye mkebe, nadhani ningekuambia siku ya kwanza, kwa hasira.

Siji kwako bila kuitwa. Nje ya geti hilo nilishasimama mara moja.

Mkweo

*

15 Mei

Mkwe,

Nimesoma.

Nilikaa chini ya mti kama nilivyosema. Chai ilibaki pale mpaka Jumatatu, sisimizi wakaimaliza.

Kwanza nilidhani umekosea tarehe. Kisha nikadhani umekosea mtu, kuna Gramu mwingine. Nikaisoma tena. Ni nusu ukurasa. Umeandika jina lake, siku, saa, mahali alipolala, na kwamba shati alilozikwa nalo ni lile alilomshonea mama yake. Gramu tisa. Barua hii niliipokea mwenyewe getini katikati ya Novemba, nikamshukuru tarishi, nikaiweka mkebeni, nikafunga kifuniko.

Nilitaka kukukasirikia. Nilianza barua ya matusi, iko hapa, mistari minne. Halafu nikapiga hesabu, maana ndicho ninachojua. Tangu niliposoma habari za mkono mpaka Jumapili ile ni wiki kumi. Kwa wiki kumi nilikuwa na mwana. Nikamkaripia, akanijibu. Akanirekebisha, nikanuna, nikamtii. Miaka saba alikuwa hai, na katika miaka yote hiyo sikuwa naye hata siku moja. Kwa hiyo usiniombe radhi. Nakukataza.

Nina swali moja tu. Barua ya pili inasema "anasubiri". Nataka kujua alisubiri siku ngapi. Ujibu wewe mwenyewe, usiseme Gramu anasema. Wala usinipunguzie. Nimefanya kazi ya vipimo maisha yangu yote, nikipunjwa nitajua.

Jicho limetoa majani mawili. Sina wa kumwambia ila wewe.

Na kama unaweza kuvumilia kuniona, njoo.

Baba

*

27 Mei

Baba, shikamoo.

Thelathini na tisa.

Siku kumi na mbili za kwanza alisema tusikuonee, barua iko njiani. Kumi na mbili zilizofuata alisema jibu liko njiani. Baada ya hapo akasema labda umeamua kuja mwenyewe, wewe si mtu wa maneno mengi, ungefunga karakana upande basi bila kumwambia mtu. Akaniomba nigeuze kitanda kielekee mlangoni. Nilikigeuza. Gari lolote likipunguza mwendo pale nje, alinitazama mimi, hakuutazama mlango. Nadhani alikuwa anataka nianze kufurahi mimi kwanza.

Siku ya thelathini na tano alikasirika. Aliniambia nikaukate mchenza, hataki uwepo. Nilichukua panga nikatoka, nikasimama kando ya mti kwa muda ambao mtu angeukata, nikarudi nikamwambia nimeukata. Kwa hiyo wewe si wa kwanza kudanganywa na mimi. Alifumba macho, akasema, "Basi nimekuwa yeye."

Nikashindwa. Nilitoka nikachuma jani moja, nikalifikicha nikamwekea puani. Alijua hapo hapo. Hakunigombeza. Alilishika jani lile siku nne, hakutaka nilibadilishe na bichi. Siku ya thelathini na tisa lilikuwa mkononi mwake, na nililiacha.

Sikukupunja, baba.

Kazini nimepewa ruhusa. Nitaondoka na basi la Alhamisi tarehe kumi na tatu Juni, nifike Jumamosi mchana. Nitakuja na kitawi kingine, chenye macho sita, maana jicho moja ni jepesi mno kuuvuta mti mzima. Nitakuja pia na ile barua ambayo sikuimaliza, tuimalize.

Najua hutasikia hodi yangu. Tafadhali acha geti wazi.

Mkweo